Testi ya nkambo na testi yangu

Wandugu wa promosio, wengi mliniuliza juu ya mahojiano ya kazi niliyoenda kufanya kwa kampuni moja kubwa. Nilinyamaza juu ya haya. Leo nasema, lakini itabidi turudi nyuma kidogo, mpaka Elisabethville ya zamani.

Tulikuwa watu kumi na mbili, wote tumeomba kazi ya kuandika programu. Mi nilibeba kompyuta yangu, ndani kuna programu ya stoki niliyotengenezea famasi moja ya Katuba, inayofanya kazi mpaka leo. Hakuna aliyeiangalia. Walitupa karatasi: mifuatano ya namba, na michoro yenye kipande kimoja kimekosa. Kisha nikaitwa ubaoni, niandike kode kwa mkono, dakika 20, watu watatu wananitazama. Chaki ilitetemeka. Nilishindwa. Ndani ya basi nikajiambia: miaka yote ya unif, kumbe mi njo mjinga.

Jioni nilipita kwa nkambo, Kamalondo. Nikamuchorea ile michoro. Mzee akacheka: "Hii ingali iko? Hata sisi walitupatia, tukiwa watoto wa shule ya kambi."

Hapo njo nikaanza kutafuta.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa Lubumbashi 1911. Watu wa kazi walikuwa haba. Kwa hiyo 1910 kuliundwa Bourse du Travail du Katanga, ya kutafuta wafanyakazi mbali, vijijini. Wakati ule kuchagua mtu kulikuwa kuchagua mwili: daktari alipima kama una nguvu, basi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ikabadilisha njia. Ilitaka mfanyakazi akae muda mrefu, na bibi na watoto, ndani ya kambi yenye hospitali na shule. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mashine zikaongezeka, na swali likawa: nani afundishwe kazi ya ufundi? Miaka ya 1950 wataalamu wa saikolojia wa kampuni wakawa wanawapima wanafunzi wa Katanga kwa testi. Kati ya testi zilizotumiwa Kongo ni matrisi za Mwingereza John Raven, za 1938: michoro yenye kipande kimekosa. Ni ile ile ya nkambo.

Wabelgiji wengine waliposoma matokeo, walisema hayo njo kipimo cha akili ya mtu mweusi. Lakini 1956 André Ombredane na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao kati ya Asalampasu wa Kasai. Waliwapa watu testi moja, wakairudilia, wakairudilia tena. Alama zilipanda. Tena, matokeo ya mwisho yalikuwa ya kuaminika kuliko ya kwanza. Akili za watu hazikubadilika kwa siku hizo chache. Walichopata ni mazoea ya karatasi na ya mchezo wenyewe. Kumbe mara ya kwanza testi inapima pia ugeni.

Miaka ile ile, upande ingine wa dunia, kazi yetu ilikuwa inazaliwa. IBM ilihitaji waandishi wa programu, na hakukuwa shule ya kuwafundisha. 1955 ikatengeneza testi yake ya kuwachagua: hesabu, na kulinganisha michoro. Makampuni mengi yakafuata. Kwa hiyo mtoto wa kambi hapa na kijana wa Marekani aliyeomba kazi ya kompyuta waliinamia karatasi zinazofanana.

Wengine walikataa. Marekani, wafanyakazi weusi 13 wa Duke Power walishtaki kampuni yao juu ya diploma na testi zilizowafungia kazi nzuri. 1971 Mahakama Kuu ikaamua: testi inayowafungia watu weusi mlango lazima iwe na uhusiano na kazi yenyewe. Na 2013 Laszlo Bock, mkubwa wa wafanyakazi wa Google, akakubali waziwazi kwamba yale maswali ya mafumbo waliyokuwa wakiuliza hayakuwasaidia kujua nani atafanya kazi vizuri.

Sisemi nilionewa. Kati yetu kumi na mbili, mmoja alimaliza ubaoni bila jasho. Nikamuuliza nje. Akasema ilikuwa mara yake ya nne. Mara ya kwanza hata yeye alitetemeka. Hakuniambia ana akili kunishinda. Aliniambia amezoea.

Basi, wandugu, tusiachie mtu mmoja mmoja kujifunza kwa aibu. Anayetoka kwenye mahojiano aandike aina ya maswali aliyoulizwa, atuletee. Siku za posho tukutane, mmoja asimame ubaoni, wengine wamuulize. Umeme ukikatika ni vizuri zaidi: ubaoni hakuna kompyuta. Na tukija kuwa sisi njo tunaajiri, tuombe kwanza kuona programu ya famasi.

Mi nimeitwa tena, kampuni ingine, wiki ijayo. Nkambo ameniuliza kama nimeshazoea michoro. Nimemwambia: niko narudilia.