Majina ya Tiba na Fikira za Wanafunzi wa Uuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi katika Tanzania hukuta ya kwamba majina ya kazi yake yaliitangulia hospitali. Kuuguza ilikuwa kazi ya kila nyumba yenye mgonjwa, na mkunga alikuwako kabla ya wodi ya wazazi. Hata mganga, ambaye Krapf alimtia katika kamusi yake ya mwaka 1882, alipewa cheo: daktari asimamiaye afya ya wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, wala hapana acheaye neno hilo.

Lakini jina lilipohamia serikalini, mwenyewe alibaki nje, akaongezewa sifa ya kumtenga: mganga wa kienyeji, mkunga wa jadi. "Kienyeji" maana yake ni cha wenyeji tu, ila katika vinywa vya waliosoma neno liliingia dharau. Tena Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, ingawa ilikusudia wachawi, iliwatia hofu waganga pia. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuchanganya hayo: kuganga si kuroga.

Mchanganyiko huo umewafikia wanafunzi. Yuko ambaye darasani husema dawa za miti hazijapimwa, na nyumbani akishikwa na homa hunywa mwarobaini aliochemshiwa na bibi. (Mwarobaini wenyewe ni mgeni kutoka Bara Hindi, na arobaini yake ni ya Kiarabu.) Simwiti mnafiki. Hatari iko kitandani: mgonjwa aonapo muuguzi amekunja uso, hukana kwamba alikunywa kitu, na dawa mbili hukutana tumboni pasipo mtu kujua.

Wala kudharau miti hakufai kwa mwenye kujua historia. Kwinini hutoka katika gome la mti, na mti huo ulipandwa Amani, Usambara, zamani za Wajerumani. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, kikawa taasisi mwaka 1991. Na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Hapo "kienyeji" kiliachwa. "Mbadala" nalo lina utata wake, kwa maana kwa bibi yule kilicho mbadala ni kidonge.

Mwalimu wa uuguzi aweza kuanzia katika swali aulizwalo mgonjwa. "Umetumia dawa za kienyeji?" hujibiwa "La" upesi. "Nyumbani umetumia dawa gani?" humwachia mgonjwa nafasi ya kuzitaja zote.