Babu Alinyamaza Alipofika Masaka

Mimi ni mtoto wa Bariadi, na vita ya Kagera niliijulia kwenye banda la video. Tulikaa kwenye mabenchi, mtafsiri anapiga kelele juu ya sauti ya mzungu, na siku hiyo filamu ilikuwa ya Idi Amin: The Last King of Scotland, ya mwaka 2006. Nilitoka kichwa kinawaka. Usiku uleule nikaanza riwaya: daktari kijana wa kizungu, ikulu ya Kampala, damu mpaka mlangoni.

Kumbe yule daktari hakuwahi kuwapo duniani! Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya yake ya 1998. Basi mimi nilikuwa natunga juu ya utunzi wa mwenzangu, nikauita historia. Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuuliza kila ninapoona picha: kamera ilikuwa ya nani?

Chukua filamu nyingine, ile aliyoitengeneza Barbet Schroeder mwaka 1974. Humo yumo Amin mwenyewe, kwa sura na sauti yake, anapiga hadi kinanda cha mkono. Utasema huu sasa ni ushahidi safi. Taratibu, bwana. Amin aliamuru askari wake wafanye mazoezi ya kuiteka milima ya Golan, palepale Uganda, ili kamera ione. Na filamu ilipotoka, alidai sehemu fulani zikatwe, akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda na kuwafanya mateka mpaka zikakatwa. Zilirudishwa baada ya yeye kuangushwa. Kwangu mimi, mkasi ule unamweleza Amin vizuri kuliko kinanda chake.

Tuje kwenye vita yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba Uganda ikatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto ni yake. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Tangazo lile na hotuba ile ni maneno ya siku zilezile, kabla mtu hajajua nani atashinda. Ndiyo maana yana thamani. Lakini nayo yana mwenyewe. Kila mmoja alisema ili watu wake wamfuate.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa OAU mjini Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Mwalimu kwa kuingia nchi ya watu. Sisi tunaita ukombozi. Wengine waliita uvamizi. Vita ni hiyohiyo moja.

Babu yangu alikuwemo. Alichukuliwa na mgambo wenzake kutoka Bariadi, wakati huo Bariadi ikiwa Mkoa wa Shinyanga. Simiyu yetu ilizaliwa mwaka 2012. Asubuhi moja nilimwendea, nikamwamkia, nikamwonyesha kwenye simu picha za vita ile: malori ya jeshi, askari wanaimba. Mzee akacheka, akaimba nao. Akanisimulia tope, njaa, viatu vilivyombana, na jinsi alivyoikuta Kyaka imevunjwavunjwa. Mimi naandika mbio, karatasi zinaisha.

"Na Masaka, babu?"

Akanyamaza. Akawatazama ng'ombe muda mrefu.

"Mjukuu wangu, nenda kanywe uji kwanza."

Sikumwuliza tena. Nilikuwa nimeshasoma kwamba majeshi yetu yaliiteka Masaka Februari 1979, na kwamba mji ule ulibomolewa kulipiza yale ya Kagera. Nilichotaka ni sauti yake. Nikapata kimya, nacho nimekiandika kwenye daftari, na tarehe yake. Maana hata shahidi aliyekuwepo, tena babu yako mzaa baba, ana mkasi wake.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, msizidharau filamu; bila lile banda nisingeanza kuuliza. Ila filamu iwekeni kando ya hotuba, hotuba kando ya mzee, na mzee wa huku kando ya mzee wa upande wa pili. Tena tufanye haraka. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1978 sasa amepita 70.

Riwaya yangu nimeianza upya. Daktari hayumo. Yumo mgambo mmoja wa Bariadi, na amefika karibu na Masaka. Hapo nimeweka kalamu chini. Natafuta nauli ya kwenda huko, nikamsikilize mzee aliyekuwa ndani ya nyumba siku ile babu alipokuwa barabarani.