Nancy Columbia: Mwinuit Aliyetunga Filamu Kabla ya Nanook

Katika vitabu vingi vya historia ya sinema, habari za Wainuit huanzia kwenye Nanook of the North, filamu ya Mmarekani Robert Flaherty iliyotoka mwaka 1922. Insha hii inapinga mwanzo huo. Miaka 11 kabla yake, mwanamke Mwinuit alikuwa ameshatunga hadithi ya filamu na kuigiza ndani yake.

Nancy Columbia alizaliwa Chicago mwezi Januari 1893. Mama yake, Esther Eneutseak, alikuwa miongoni mwa Wainuit waliotolewa Labrador, Kanada ya leo, ili wakae katika kijiji cha kutazamwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya mji huo. Jina la Columbia lilitokana na maonyesho hayo. Wainuit hao walitakiwa kuvaa nguo za manyoya hata wakati wa joto. Walilalamika, na baadhi yao wakatoka na kufungua kijiji chao wenyewe nje ya lango. Nancy alikulia katika kazi hiyo ya maonyesho, akizunguka na familia yake Marekani na Ulaya. Mwaka 1909 alichaguliwa kuwa malkia wa maonyesho ya Seattle.

Mwaka 1911 kampuni ya Selig ilitengeneza The Way of the Eskimo huko Michigan. Hadithi ilikuwa ya Nancy, naye aliigiza kama mhusika mkuu.

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ilikuwa hadithi ya kubuni tu, ya msichana aliyezaliwa mjini. Lakini Nanook nayo ilibuniwa. Jina halisi la mhusika wake lilikuwa Allakariallak, na Flaherty alimtaka awinde kwa silaha za kale ilhali Wainuit walikuwa wakitumia bunduki. Tofauti ni nani aliyetunga. Ni kweli kwamba mwongozaji wa filamu ya 1911 hakuwa Mwinuit, hivyo Nancy hakuamua kila kitu. Hata hivyo, hadithi ilitoka kwake.

Nancy alifariki mwaka 1959. Filamu yake imepotea, ilhali ya Flaherty bado inaonyeshwa vyuoni. Sisi wanafunzi hufundishwa kwamba kisichoandikwa husahaulika. Hadithi ya Nancy iliandikwa, ikapigwa picha, na bado ikasahaulika. Kwa hiyo somo linaloanzia mwaka 1922 linafuata filamu iliyobaki, si filamu iliyotangulia.