Redio ya Bibi, Sehemu ya 3: Redio ilipowachimbisha watu vyoo



Wiki iliyopita tuliongea habari za Mama na Mwana, kile kipindi cha hadithi cha Bi. Deborah Mwenda, na mlinijaza ujumbe mpaka simu ikaganda. Leo nabaki kwenye redio hiyo hiyo ila nakuja upande wa kazi yangu. Redio iliingia mpaka chooni kwenu, mama, na sikutanii.

Kwa nyie mliozaliwa juzi: zamani hukuwa na haja ya kutafuta stesheni. Ilianza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Stesheni za watu binafsi tumekuja kuzizoea miaka ya tisini, Radio One ikiwa ya 1994. Kabla ya hapo RTD ikisema, imesema. Na redio yenyewe haikuwa kila nyumba. Jioni watu wanajikusanya kwa mwenye nayo, watoto chini kwenye mkeka, na betri zikichoka zinaanikwa juani au zinang'atwa na meno ili zitoe kidogo kilichobaki. Usijaribu hiyo ya meno, tafadhali.

Sasa njoo 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilikuwa ya wiki 12, na ilihusu magonjwa yaliyokuwa yanatumaliza: malaria, kuhara damu, kichocho, minyoo ya safura, kifua kikuu. Ukisoma hiyo orodha kwa jicho la muuguzi unaona jambo moja. Mengi hayakuhitaji hospitali kubwa ili yapungue. Yalihitaji choo, maji yaliyochemshwa, nyasi zilizofyekwa, madimbwi yaliyofukiwa.

Lakini utamwambiaje mtu achimbe choo kupitia redio? Akisikia peke yake atasema "ni kweli", atazima, atalala. Hapo ndipo hawa watu walipokuwa na akili. Walitengeneza vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kabla, na kitabu cha kusoma. Mnasikiliza kipindi pamoja, redio inazimwa, kiongozi anasoma kitabuni kwa ajili ya wasiojua kusoma, halafu mnajadili: hili lipo kwetu? Linaletwa na nini? Tufanye nini, na nani aanze? Yaani kikao hakiishi mpaka mmekubaliana kazi.

Viongozi wa vikundi waliofundishwa walifika kama 75,000. Watu walioshiriki ni kama milioni 2. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na kidogo nchi nzima, watoto wakiwemo, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa mamia ya maelfu. Huenda na kile cha nyuma ya nyumba ya bibi yako ni cha mwaka huo, muulize.

Wapo watakaosema zama zile watu walikuwa wanasukumwa na serikali. Ni kweli, msukumo ulikuwepo, siwezi kuupamba. Ila mimi najiuliza zaidi kuhusu nani alikuwa amekaa pale kwenye mkeka. Alikuwepo mama, alikuwepo baba, na mama mkwe alikuwepo. Wote wamesikia maneno yale yale siku moja.

Linganisha na leo. Mama anajifungua, namwambia kliniki: maziwa yako tu, miezi 6, hata maji usimpe. Anaitikia vizuri kabisa. Anarudi baada ya wiki 3 mtoto anaharisha. Ukimuuliza taratibu anainama: "Nesi, mama mkwe alisema mtoto ana kiu." Sasa utamlaumu nani hapo? Mama mkwe hakuwa kliniki. Alichokisikia yeye ni cha enzi zake, na ndani ya nyumba ile neno lake lina uzito kuliko la kwangu. Binti wa watu amebeba elimu peke yake mpaka mlangoni, akanyang'anywa hapo. Siku hizi kila mtu ana simu yake na spika zake za masikioni, mnakaa sebule moja kila mtu anafundishwa kivyake.

Twende mbele miaka 20. Kesi za kwanza za UKIMWI nchini ziliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa nayo. Julai 1993 RTD ikaanza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mnamkumbuka Mkwaju? Dereva wa lori, kila kituo ana mtu. Nyumbani yuko mkewe Tunu. Watu walimchukia Mkwaju kana kwamba ni jirani yao, na kwa kumsema Mkwaju wakapata njia ya kusema mambo ya ndani kwao. Mke hawezi kumwambia mumewe "nakuogopa ukisafiri". Ila anaweza kusema "huyu Mkwaju atamuua Tunu", na baba akiwa anakunywa chai pale pale anasikia.

Kuna jambo kuhusu mchezo huu ambalo wengi hawalijui. Eneo la mitambo ya Dodoma halikuurusha mpaka 1995. Saa hiyo wao waliwekewa vipindi vingine, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Matokeo yalionekana: kwenye maeneo yaliyosikia uzazi wa mpango ulipanda, na watu wakaeleza kwamba wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi. Kitaalamu naelewa kabisa, bila kulinganisha huwezi kujua kama dawa inafanya kazi. Lakini miaka 2, ugonjwa wenyewe ule, miaka ile? Kama mama yako alikuwa anaishi Dodoma 1994, ungefurahi? Mimi bado halijaniingia vizuri, na nimelifikiria sana.

Wenye wazazi Dodoma, waulizeni saa ile walikuwa wanasikiliza nini, mniandikie hapa chini.

Ijumaa nakuja na Chakula ni Uhai ya 1975, kampeni ya lishe. Wenye watoto wanaokataa uji, msikose.