Mkono wa Kibarua na Haki za Roboti

Reli ilipofika Thika mwaka 1913, ilikuja kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Kufikia 1920, kibarua wa Kiafrika aliyekata mkonge na kuchuma kahawa humo alilazimika kuvaa kipande, yaani kitambulisho chake, shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, na akitoroka kazi alishtakiwa kama mhalifu. Wakati huohuo kampuni, isiyo na mwili, ilikuwa tayari mtu kisheria: kesi ya Salomon iliyoamuliwa London mwaka 1896 ilishalithibitisha hilo.

Kipande kilifutwa 1947. Mji nao ukajaa viwanda vya mananasi, nguo, mafuta ya kupikia na magari.

Haki za anayesimama mbele ya mashine zilikuja polepole mno. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ilipitishwa 2007, lakini ikavutana mahakamani hadi Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha. Chini yake, kibarua akinaswa mkono na mashine ya kukata, daktari hukadiria ulemavu kwa asilimia. Ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa mapato ya miezi 96, na mwajiri anatakiwa awe na bima. Mlipaji anajulikana kwa jina.

Hapo ndipo mjadala wa haki za roboti unapowagusa watu wa Thika na mji jirani wa Ruiru. Oktoba 2017 Saudi Arabia ilitangaza kumpa uraia Sophia, roboti ya kampuni ya Hanson Robotics. Miezi michache kabla, Bunge la Ulaya lilikuwa limependekeza roboti zenye uwezo mkubwa wa kujiamulia zifikiriwe kuwa watu wa kielektroniki, ili ziwajibike kwa hasara zinazosababisha. Mwaka 2018 wataalamu zaidi ya 150 walipinga kwa barua ya wazi, na walikuwa na sababu nzito. Roboti haina akaunti wala shamba la kupigwa mnada. Ikibebeshwa lawama, mwenye kiwanda na aliyeiunda wanapata mlango wa kutokea, na aliyekatwa mkono anabaki na hukumu isiyolipika.

Kenya haijafika huko. Mswada wa roboti na akili mnemba wa 2023 ulihusu usajili na leseni za wataalamu wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inahesabu kampuni na vyama kuwa watu, mashine haitajwi. Bunge likitaka kuiongeza, lianze kwa kuandika nani atamlipa kibarua, na kwa bima gani.