Uteuzi wa Nyuga katika Hifadhidata: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi

Wafasiri wa miongozo ya kompyuta hukutana mara kwa mara na neno ambalo kwa sura ni jepesi: kuchagua. Hifadhidata huamriwa ichague, nayo huchagua. Lakini kinachochaguliwa ni nini? Ni watu fulani kati ya wote walioandikishwa, au ni habari fulani kati ya habari zote za kila mtu? Hayo ni matendo mawili mbalimbali, na kuyapa jina moja ni kumwacha msomaji njia panda. Katika makala hii tumekusudia kuonyesha jinsi mkanganyiko huo ulivyozaliwa, na kupendekeza namna ya kuuepuka katika Kiswahili.

Dhana ya uga ni kongwe kuliko kompyuta za kisasa. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilihesabu watu kwa kadi zilizotobolewa matundu. Mahali pa tundu ndipo palipoonyesha umri, jinsi au kazi ya mtu. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi yenye safu 80, na safu kadhaa zilizofuatana zikawa zinatengewa habari moja: kwa mfano, safu sita kwa namba ya mtu na ishirini kwa jina lake. Fungu hilo la safu ndilo uga. Kwa hiyo wanaosema “safu” kwa maana ya uga huipoteza tofauti iliyokuwapo tangu zamani. Tena neno safu peke yake halitaji upande: safu ya milima imelala, safu ya gazeti imesimama. Uga, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ni eneo lililoachwa wazi ili jambo lifanyike hapo. Ndivyo ulivyo uga wa kadi: nafasi iliyoachwa ili habari moja iingie.

Mwezi Juni 1970, E. F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, alichapisha makala iliyobadili fani nzima. Kabla yake, aliyetaka habari ilimbidi aijue njia ya kuifikia: faili gani, kiungo gani, kwanza nini na kisha nini. Codd alipendekeza habari zipangwe katika majedwali, na mwulizaji aseme anachokitaka, siyo njia ya kukipata. Neno uhusiano alilichota katika hisabati ya seti, ambamo uhusiano ni seti ya mifuatano ya thamani, yaani jedwali lenyewe. Wanaodhani kwamba hifadhidata hizi huitwa za uhusiano kwa kuwa jedwali moja huunganishwa na jingine hawajakifikia chanzo cha jina hilo.

Katika aljebra ya majedwali, kubakiza safuwima fulani na kuziacha nyingine ni tendo lililopewa jina la kijiometri, mithili ya kitu chenye pande tatu kinavyotupa ukutani kivuli chenye pande mbili. Kubakiza safumlalo zinazotimiza sharti fulani ni tendo la pili, nalo ndilo ambalo vitabu vingi huliita uchaguzi. Lakini mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM vilevile, walitoa lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa kuwa SQL. Hapo ndipo majina yalipopishana. Amri kuu ya lugha hiyo ni SELECT, yaani chagua, na yanayoorodheshwa mara baada yake ni majina ya safuwima! Sharti la safumlalo huja baadaye, likitanguliwa na neno WHERE. SQL ilifanywa kuwa kiwango cha taifa la Marekani mwaka 1986 na cha kimataifa mwaka 1987, na mkanganyiko ukasanifiwa pamoja nayo.

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukikua. Lugha ya Simula 67, iliyotungwa Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilikuwa imeleta fikra ya kupanga programu kwa vitu, kila kitu kikibeba habari zake na matendo yake. Mikondo hii miwili ilikutanishwa na Michael Stonebraker na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mradi wao wa POSTGRES, ambao usanifu wake ulielezwa mwaka 1986, ulimwezesha mtumiaji kubuni aina zake mwenyewe za data. Kiwango cha SQL cha mwaka 1999 nacho kikaruhusu aina za namna hiyo. Tangu hapo uga mmoja unaweza kubeba kitu kizima, kama vile anwani yenye mtaa, mji na sanduku la posta.

Je, anayetaka mji tu aseme nini? Ataje uga, aweke nukta, kisha ataje sehemu. Lakini katika PostgreSQL, iliyorithi mradi huo, jina la uga hutiwa ndani ya mabano: (anwani).mji. Mabano yakikosekana, mashine hudhani kwamba anwani ni jina la jedwali. Kiswahili huifanya kazi hiyo kwa upatanisho. Tukisema “mji wa anwani ya mtumishi”, wa na ya hutuonyesha kipi ni cha nani. Mwalimu anayetaka kuifundisha kanuni hii ana mfano tayari kinywani mwa wanafunzi wake.

Zipo pia programu za kati, kama Hibernate iliyoanza mwaka 2001, ambazo hugeuza safumlalo kuwa vitu. Kwa kawaida hizi huleta kitu kizima. Anayehitaji nyuga mbili tu hana budi kuzitaja, na kiwango cha JPA cha mwaka 2006 kiliruhusu ulizo lenyewe liunde kitu kidogo kutokana na nyuga zilizotajwa.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tuchukue mfano wa afisa utumishi anayetaka orodha ya watakaostaafu mwakani. Anahitaji jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwongozo ukimwambia tu “chagua watumishi”, atapunguza idadi ya watu na kudhani kwamba amemaliza, ilhali mshahara na namba ya benki ya kila mmoja vimetoka pamoja na jina lake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinataka taarifa za mtu zitumike kwa kadiri ya lengo lililokusudiwa. Istilahi isiyotenganisha watu na habari zao humnyima mtumishi chombo cha kuitii sheria.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kubakiza safumlalo kwa sharti kuitwe uchujaji, kwa kuwa chujio hupitisha kinachokidhi na kuzuia kisichokidhi. Pili, kubakiza safuwima kuitwe uteuzi wa nyuga, kwa kuwa anayeteua hutaja kwa jina, na hapa kila uga hutajwa kwa jina. Tatu, jina lile la kijiometri lisifasiriwe kamwe “makadirio”, ingawa baadhi ya kamusi zitamwelekeza mfasiri huko. Makadirio ni ya bajeti, na hapa hakuna kinachokadiriwa. Maneno ya amri yenyewe, kama SELECT, yaachwe yalivyo, maana msomaji wake ni mashine. Yanayotuhusu sisi ni maelezo anayoandikiwa binadamu.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Tunawaomba wafasiri na walimu wazitie hizi katika kazi zao, na pale zitakapokwama watuandikie.