UZI: Nani alihesabu, na alihesabu lini? Bomba la mafuta, hirola na hadithi ya "ardhi tupu" Garissa

1. Mjadala wowote wa miradi mikubwa ya kaskazini ukianza, sentensi mbili lazima zitupwe. Ya kwanza: "Huko ni jangwa tupu, jengeni tu." Ya pili: "Hizi ripoti za wanyama ni njama ya kutuchelewesha." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona sentensi zote mbili zinatoka kwenye historia moja. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mkianza kutajana kwenye majibu, shauri yenu.

2. Kwanza mradi wenyewe. LAPSSET, yaani ushoroba wa Bandari ya Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012. Mwezi huo huo mafuta yakatangazwa kupatikana Turkana, kisima cha Ngamia-1. Kwenye ramani, bomba la kutoka Lokichar hadi Lamu lina zaidi ya kilomita 800 na linapita Turkana, Samburu, Isiolo, Meru, Garissa na Lamu. Uganda ilikuwa ipitishe mafuta yake huku pia, lakini mwaka 2016 ikachagua njia ya Tanga. Bomba letu bado liko kwenye makaratasi. Mafuta ya majaribio yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa, na shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019.

3. Kwa hivyo kwa nini tuongee sasa? Manake mambo mengi huamuliwa bomba likiwa bado la makaratasi. Sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyounda NEMA, inasema mradi wa aina hii hauanzi bila tathmini ya athari. Ndani ya tathmini hiyo kuna watu wanaotumwa kuhesabu wanyama na kuchora makazi yao: wapi kuna msitu, wapi kuna nyasi, mnyama gani anakunywa wapi.

4. Wanahesabu vipi? Kuna kutembea kwa mguu kwenye mistari iliyopangwa, ukiandika kila mnyama, nyayo na kinyesi. Kuna kamera zinazofungwa mitini, zinajipiga zenyewe mnyama akipita. Na kuna ndege ndogo inayoruka chini, kama mita 100 hivi juu ya ardhi, mistari yake imetengana kwa kilomita kadhaa, huku mtu kila upande akihesabu anachokiona kwenye ukanda wake. Serikali imehesabu hivyo tangu miaka ya 1970. Takwimu hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori kwenye nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68.

5. Sasa shika hapa, ndipo siasa inapoingia. Njia zote hizo zinakuambia kilichokuwepo SIKU ILE. Mchungaji yeyote wa Fafi au Ijara atakwambia ardhi ya jilaal, wakati wa kiangazi kikali, si ardhi ya mvua za gu. Kiangazi wanyama wanasogea kuelekea mto Tana. Mvua ikinyesha wanatawanyika. Ukipeleka timu wiki mbili msimu mmoja, unaweza kurudi na ripoti ya kweli kabisa inayosema "hatukuona kitu", na bado iwe imekosa njia ambayo makundi hupita kila mwaka. Fikiria ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo. Ungehesabu nini wakati ule? Mizoga.

6. Chukueni hirola. Ni paa mkubwa wa rangi ya mchanga, ana alama nyeupe inayounganisha macho kama miwani. Duniani kote anaishi porini mashariki mwa Kenya, hasa Garissa, na mpakani upande wa Somalia, ukiacha kundi dogo lililohamishiwa Tsavo Mashariki. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Ugonjwa wa sotoka ukawapiga katikati ya miaka ya 1980. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 497. Na ushoroba wa LAPSSET kutoka Garissa kwenda Lamu unashuka kusini mwa kaunti, pande hizo hizo anakoishi.

7. Kuna jambo vijana wengi mtandaoni hawalijui. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori (KWS) lilitaka kuwahamisha hirola kutoka Garissa kwenda Tsavo, kwa hoja kwamba huko watakuwa salama. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikazuia: sheria inalipa shirika kazi ya kuwatunza wanyama mahali pao pa asili, haikulipa ruhusa ya kuwaondoa. Baadhi ya hirola walikuwa wamehamishwa mwaka huo, lakini msimamo wa watu ukabaki. Miaka ya baadaye jamii ya Ijara ikaanzisha hifadhi yake ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa kwenye eneo lenye uzio wa kuzuia simba na fisi. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "wenyeji hawajali wanyama, ni wageni ndio wanawasukuma", mwambie asome 1996.

8. Lakini pia tuwe wakweli kwa upande wa pili. Kwa nini mtu wa Garissa akisikia "utafiti wa wanyama" anakunja uso? Kwa sababu mwaka 1965 waraka rasmi wa serikali, Sessional Paper Namba 10, uliamua pesa za maendeleo ziende kwanza kule zitakakoleta mazao mengi haraka: mahali penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikawekwa pembeni. Ongeza hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Mtu aliyesubiri lami kizazi kizima hataki kuambiwa asubiri tena kwa sababu ya swala. Hasira hiyo si ujinga. Ni deni.

9. Tena si wanyama tu ambao hesabu yao imeleta kelele. Baada ya sensa ya watu ya 2009, serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, Lagdera ya Garissa ikiwemo, ikisema idadi imezidi kiasi. Kesi ikaenda mahakamani. Hebu tazama: wanyama wakionekana wachache, ardhi ni "tupu" na mradi upite. Watu wakionekana wengi, hesabu ni "batili". Nani anafaidika na ardhi inayoonekana tupu? Jiulize tu.

10. Kuna hoja nyingine maarufu: "Bomba linazikwa chini, likishafukiwa wanyama watapita juu. Shida iko wapi?" Hoja nzuri kwa kiasi chake. Lakini mafuta ya Turkana ni mazito kama nta, lazima yapashwe moto ili yatembee, kwa hivyo kuna vituo, umeme na barabara za matengenezo. Wakati wa kuchimba kuna mtaro wazi, kambi za wafanyakazi na maji mengi yanayotafutwa mahali ambapo maji ni vita. Barabara mpya inaleta soko na hospitali karibu, na inaleta mwindaji haramu karibu pia. Udongo uliochimbuliwa nao ni kitanda kizuri cha mathenge. Watu wa Garissa na Tana River hawahitaji kuelezwa mathenge ni nini. Nayo ililetwa kama suluhisho.

11. Mahakama zimesemaje? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari, na ikaona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, sababu kubwa ikiwa ni hiyo hiyo. Kwa hivyo anayesema utafiti unachelewesha mradi asome hizi kesi. Utafiti mbovu ndio unaochelewesha, tena kwa gharama kubwa.

12. Na hili linagusa mfuko wako hata kama hujawahi kumwona hirola. Sehemu kubwa ya Garissa ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ambayo jamii haijaisajili ikichukuliwa, fidia inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao hadi wasajili. Sasa ripoti ikishaandika "hakuna matumizi makubwa hapa", mchungaji anayepitisha ngamia miezi mitatu kwa mwaka atathibitisha nini? Njia ya twiga na njia ya ngamia mara nyingi huelekea maji yale yale. Aliyekosa kuiona ya kwanza huenda hakuiona ya pili.

13. Msimamo wangu: sipingi bomba, na sitaki Garissa ibaki mbuga ya kupigia picha. Nachokataa ni hesabu inayofanywa baada ya mstari kushachorwa, ili kuupamba. Utafiti una maana pale tu ambapo jibu lake linaweza kuusogeza mstari kilomita chache kushoto au kulia.

14. Kwa hivyo mgombea yeyote, wa mrengo wowote, akija kwenye baraza lenu na ahadi ya bomba, au na ahadi ya kulizuia, muulizeni haya matano:
– Wanyama walihesabiwa misimu mingapi? Kiangazi na mvua zote?
– Nani wa hapa alitembea na timu? Wachungaji waliulizwa, au walitumiwa kama madereva tu?
– Njia ilichorwa kabla ya hesabu au baada?
– Ripoti iko wapi, na kuna muhtasari kwa Kiswahili na Kisomali?
– Ardhi yetu imesajiliwa? Kama bado, nani anashika fidia?

Akijibu "huko ni jangwa tupu", mmeshajua hajafika. Tuendelee kwenye majibu, kwa heshima.